Gari la Umeme, Tope na Tela

Juma lililopita niliitwa na mzee mmoja mkazi wa Arusha, mwenye Land Cruiser mbili za kuchukulia watalii, mtu ambaye tangu ujanani mwake riziki yake imetoka katika usukani, akanikaribisha barazani kwake, akaninywesha kahawa, na baada ya kuniuliza hali ya nyumbani na ya watoto kama ilivyo ada, akanitolea swali ambalo, kwa jinsi alivyolitamka polepole, nilitambua kuwa lilikuwa limemkosesha usingizi.

"Mwanangu," alisema, "mkwe wangu ananishawishi nitoe injini za dizeli katika magari yangu, nitie mota na betri. Mimi sina ugomvi na umeme. Taa yangu yawaka kwa umeme, na maji yangu hupandishwa tangini kwa umeme. Lakini nataka unieleze kwa haki. Gari hilo litatoka topeni? Na likifungiwa tela, litafika?"

Yamo maswali mawili katika swali la mzee huyu, na ubishi mwingi ninaousikia vijiweni na katika magereji juu ya magari ya umeme hutokana na kuyachanganya yakawa moja. Kutoka topeni ni swali la nguvu. Kufika ni swali la akiba. Mpagazi wa zamani katika njia ya Tabora na Bagamoyo aliweza kuwa na mabega ya kubeba frasila mbili za pembe, walakini mabega hayo hayakumfaa kitu siku kibuyu chake kilipokauka kabla hajakifikia kisima.

Kwa upande wa nguvu, nasema bila kusita kwamba dizeli imeshindwa. Injini ya mafuta ni sharti kwanza iwe inazunguka ndipo itoe nguvu, na nguvu hiyo huongezeka kwa kadiri mzunguko unavyopanda hata kufikia kiwango chake. Ndiyo sababu tukawa na klachi, na gia, na ile gia ndogo ya kupandia milima, vyote hivyo vikiwa ni wakalimani kati ya injini na gurudumu. Mota ya umeme haihitaji mkalimani. Hutoa msukumo wake wote tangu gurudumu likiwa limesimama kimya, na msukumo huo dereva huupima kwa unyayo wake, kidogo kidogo, kama mtu amiminaye mafuta ya taa katika kibatari. Yeyote aliyepata kunasa topeni ajua thamani ya jambo hili: ukikanyaga kidogo injini ya dizeli huzimika, ukikanyaga sana magurudumu huzunguka bure na kujichimbia kaburi, na kati ya kidogo na sana pana nafasi nyembamba ambayo madereva wetu hodari wametumia miaka mingi kujifunza kuikanyagia.

Katika pikapu ya Rivian, ambayo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 2021, kila gurudumu lilipewa mota yake, hata gurudumu moja likiteleza hupunguziwa nguvu kabla dereva hajatambua, na nguvu hiyo hupewa lile lililoshika ardhi. Mercedes-Benz nao waliitoa G-Class yao ya umeme mwaka 2024 kwa mpango huo huo wa mota nne, na gari hilo hupita katika maji ya kina cha sentimeta 85, ilhali ndugu zake wa mafuta huambiwa waishie 70. Jambo hili la maji huwashangaza wengi, kwa kuwa tangu utotoni tumefundishwa kwamba umeme na maji havikai chungu kimoja. Lakini mota iliyozibwa sawasawa haivuti pumzi, na kisichovuta pumzi ni vigumu kukizamisha. Injini ya dizeli ndiyo ivutayo pumzi, na siku inapovuta maji badala ya hewa, mwenye gari hujua bei ya injini mpya.

Na kama kuvuta ndiko kunakotiliwa shaka, mwezi wa Julai mwaka 2019 kampuni ya Ford ilionyesha pikapu yake ya majaribio ya umeme ikilivuta gari moshi la mabehewa 10 lenye uzito wa zaidi ya tani 450. Nawaomba mlikumbuke gari moshi hilo, na mkumbuke pia kwamba lilivutwa mwendo wa meta 300 na kitu, juu ya reli, mahali pa tambarare. Nitalirudia.

Masika moja nilikuwa mgeni katika kambi ya watalii upande wa magharibi wa Serengeti, ambako udongo ni ule mweusi ambao jua likiwaka hupasuka nyufa za kuingia mkono, na mvua ikinyesha hugeuka gundi. Kambi ile ilikuwa na Land Cruiser iliyotolewa injini na kutiwa mota, na betri yake ilikuwa ya uniti 70, nami nasema uniti kwa maana ile ile tuijuayo sote tununuapo umeme wa LUKU. Asubuhi tulitoka, betri ikiwa imejaa mia kwa mia, kwenda mji mdogo ulio nje ya lango, kilometa 38, kulichukua tela ambalo lori lilikuwa limelibwaga huko kwa kuiogopa njia. Katika korongo la pili tulikuta gari la dizeli limezama hata ekseli, na abiria wake wamesimama juu ya majani, viatu mikononi.

Dereva wetu, kijana wa Musoma, alishuka, akapima kina cha tope kwa fimbo, akafunga mkanda wa kuvutia, akarudi kwenye kiti chake na kukanyaga. Hapakuwa na mngurumo wala moshi. Nilichosikia ni mkanda ukikazika, maji yakibubujika chini ya matairi ya wenzetu, na kisha ile sauti ya tope linapoachia kitu ambacho limekwisha kukimiliki, mfano wa mtu avuaye kiatu kilicholowa. Yule dereva wa dizeli, mtu mzima, alikuja kushukuru, na neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa kuuliza kwa nini tumezima injini. Nilitazama hesabu ya betri: kabla ya kuvuta ilikuwa 84, na baada ya kuvuta ikawa 83.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa asubuhi. Jioni mambo yalikuwa mengine, nami ningewadhulumu kama ningeikata hadithi hapo.

Tulifika mjini na betri ina 74. Tela likapakiwa mifuko ya saruji, unga, mitungi ya gesi na mabati, jumla yake ikikaribia tani moja, tukaanza kurudi kwa njia ile ile. Kijana yule, ambaye asubuhi alikuwa akisimulia habari za mpira na kutuonyesha ndege, sasa alinyamaza. Alishika mwendo wa kilometa 30 kwa saa, akazikwepa sehemu laini kwa kuzunguka mbali, na kila tulipokwisha kupanda kilima macho yake yalishuka kwenye ile namba. Tulipoingia kambini ilikuwa 32. Asubuhi kilometa 38 zilitula 26 katika mia, pamoja na kumwokoa mwenzetu; jioni kilometa hizo hizo zilitula 42. Laiti kambi ingekuwa kilometa 30 mbele zaidi, tungelala porini, tena tukiwa na gari lenye nguvu za kung'oa mbuyu.

Sababu yake ni ya hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban uniti 10, kwa hiyo debe la lita 20 lina uniti 200. Injini huipoteza sehemu kubwa ya nishati hiyo kwa joto na moshi, hata magurudumu yakaambulia theluthi, yaani uniti 60 na kitu. Mota ya umeme ni mwaminifu zaidi, hulifikishia gurudumu zaidi ya uniti 8 katika kila 10 inazokabidhiwa. Lakini pamoja na ubadhirifu wake wote, dizeli ina fadhila moja kubwa, nayo ni wepesi. Debe lile mtu mmoja hulitia begani akaenda nalo, na betri ya kufanya kazi iyo hiyo ina uzito wa kilo 400 na zaidi. Tangi la Land Cruiser la lita 130 ni debe sita na nusu. Ukitaka kuweka akiba ya kadiri hiyo kwa betri, utahitaji gari la kubebea betri, na betri ya kuliendesha gari hilo.

Uzito huu, wasikilizaji, si jambo la mizani peke yake. Ni jambo la ardhi. Hummer ya umeme iliyotolewa na General Motors ina uzito wa zaidi ya tani 4, na kitu cha tani 4, kiwe na mota ngapi, katika mbuga ya udongo mweusi huzama kwanza na kuonyesha nguvu zake baadaye. Magari yaliyobadilishwa kwa busara huku kwetu, mathalani yale ambayo kampuni ya Opibus ya Nairobi, ambayo siku hizi yaitwa Roam, ilianza kuyatia mota kwa ajili ya safari za porini, hayakuwekewa betri za kutisha, nami naona huo ndio uamuzi sahihi: betri ya kiasi, kwa kazi inayojulikana kiasi chake.

Sasa tela. Katika njia yetu ya Serengeti adui alikuwa uzito na tope, kwa kuwa mwendo wetu ulikuwa mdogo. Katika barabara ya lami adui hubadilika, akawa upepo. Mwendo ukizidi mara mbili, upinzani wa upepo huzidi mara nne, na tela refu lenye kifua kipana kama ukuta wa nyumba huusukuma upepo huo siku nzima. Pikapu ya Ford iitwayo F-150 Lightning, iliyoanza kuuzwa mwaka 2022, ina ruhusa ya kuvuta kiasi cha tani 4 na nusu, na yenye betri kubwa ilisemekana huenda kilometa 500 na kidogo bila mzigo. Wakaguzi wa magari wa Marekani waliifungia zile nyumba za matairi wanazozipenda kwenda nazo mapumzikoni, na mwendo ule ukashuka ukawa nusu, na mara nyingine ukapungua hata chini ya nusu. Ndipo tunaporudi kwenye lile gari moshi la meta 300. Lilikuwa kweli, lakini lilijibu swali ambalo mwenye tela hakuuliza.

Haki inanilazimu niseme kwamba tela huilemea dizeli vile vile, na mwenye lori aijua kiu ya injini yake ipandapo mlima na mzigo. Tofauti ni kwamba kiu ya dizeli hutulizwa kwa dakika tano katika kituo chochote, na kiu ya betri yataka subira ya nusu saa kwenye mashine kubwa za kuchajia, na usiku mzima kwenye plagi ya kawaida. Na hata huko Marekani kwenye mashine hizo, vituo vingi vimejengwa mfano wa mazizi, gari liingize pua lisimame, hata mwenye tela hulazimika kulifungua na kuliacha pembeni ndipo aende kuchaji, kisha arudi alifunge tena. Afanyaye hivyo mara tatu katika safari moja hahitaji kuhutubiwa na mtu.

Waliotaka kupata vyote viwili, nguvu ya mota na akiba ya mafuta, wamelazimika kuviunganisha. Mashindano ya Dakar ya mwezi wa Januari mwaka 2024, katika majangwa ya Saudi Arabia, yalishindwa na Carlos Sainz na msaidizi wake katika gari la Audi ambalo magurudumu yake yalizungushwa na mota za umeme, ila ndani yake mlikuwa na injini ya petroli ambayo haikugusa gurudumu hata mara moja, kazi yake ikiwa ni kuilisha betri njiani. Mafundi wa Audi walikuwa na fedha na elimu ya kutosha, na pamoja na hayo hawakuthubutu kuingia jangwani kwa betri peke yake. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kuliko matangazo yote ya wauzaji.

Je, kazi inayojulikana kiasi chake ipo? Ipo, tena iko hapa kwetu, na ni kazi ambayo dizeli haikupata kuiweza vizuri. Litazameni gari la watalii katika bonde la Ngorongoro. Ukingo wa bonde uko kiasi cha meta 2,300 juu ya usawa wa bahari, na chini yake yapata meta 600 ni sakafu ambayo gari hutambaa siku nzima kwa mwendo wa mzee mwenye mkongojo, likisimama kwa simba, likisimama kwa kifaru, likisimama tena kwa mgeni aliyekosea kupiga picha ya kwanza. Dizeli iliyosimama huku inanguruma hula bila kufanya kazi. Mota iliyosimama haili kitu. Jioni gari hupanda kwa njia ya Lerai, na kwa gari la tani 3 kupandisha uzito wake meta 600 ni kazi ya uniti 5 hivi. Lakini asubuhi, liliposhuka kwa njia ya Seneto, mota iligeuka dinamo, ikalizuia gari lisiporomoke na papo hapo ikairudishia betri sehemu nzuri ya uniti hizo, ilhali gari la dizeli lilikuwa likiuteketeza urithi wake wote katika breki, hata harufu yake ikawafikia abiria. Lipo sharti moja: betri iliyojaa pomoni haina nafasi ya kupokea. Gari litokalo Karatu limekwisha kuupanda mlima kabla ya kuufikia ukingo, kwa hiyo nafasi inakuwapo.

Mashimo ya madini nayo yamelitambua jambo hili, kwa kuwa chini ya ardhi moshi wa dizeli ni sumu na njia ni fupi. Iko kampuni ya Uholanzi itengenezayo vifaa vya kuzigeuza Land Cruiser na Hilux kuwa za umeme kwa ajili ya migodi, nayo ilijipa jina la Kiswahili, Tembo.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni fundi. Gari la dizeli likiharibika porini, fundi wa Mugumu au wa Loliondo atalifungua kwa spana mbili na kulifunga kwa waya, nalo litafika nyumbani. Gari la umeme lina vyuma vichache vya kuchakaa, na kwa miaka mingi laweza lisimwite fundi; lakini siku ubongo wake utakapozimika, waya hautasaidia, na umeme wa betri yake, ambao ni wa mamia ya volti, waweza kumuua mtu kwa kosa moja la mkono. Mafundi wetu hawa, ambao wameubeba uchukuzi wa nchi hii mgongoni kwa miaka yote, wafundishwe kabla magari hayajawajia, wapewe vipimo na glavu zao, na wasije wakaachwa kuwa watazamaji katika gereji walizozijenga wao wenyewe. Jambo hili lanikera moyoni, na nitalisema kila nipewapo kipaza sauti.

Na umeme wenyewe? Naikumbuka njia ya Kilwa ya zamani, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, tulipokuwa tukilala Ndundu kusubiri pantoni, na mvua ikinyesha, magari yamejipanga katika tope la Rufiji kama boti zilizopwelewa. Mto ule ule leo unazungusha mitambo 9 ya Bwawa la Julius Nyerere, kila mmoja wa megawati 235. Kenya nao huchota sehemu kubwa ya umeme wao katika mvuke wa ardhi wa Olkaria, karibu na Naivasha. Kila lita ya dizeli iunguzwayo Serengeti ilikuja kwa meli na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Uniti ya Rufiji haikuvuka bahari. Mimi nililala katika tope la mto ule, na sioni haya kusema kwamba nafurahi kuuona unavuta magari uliyokuwa ukiyanasa.

Basi nilimuuliza mzee magari yake hufanya kazi gani. La kwanza, alisema, huondoka Arusha kwenda Seronera, zaidi ya kilometa 300, likavuta tela la mahema, likakaa siku nne au tano, likarudi. La pili liko Karatu kwa mwanawe, hushuka bondeni asubuhi na kurudi kulala pale pale. Nikamwambia la kwanza aliache na dizeli yake, tena alihudumie vizuri, na tela lisitoke nyuma ya gari hilo. La pili alitie mota, betri isizidi uniti 70, na chini yake bamba la chuma la kulikinga na mawe.

Alinyamaza kitambo, akihesabu kwa vidole. Kisha akauliza, "Na Karatu umeme ukikatika usiku?" Nikamjibu kwamba asilingoje gari liishiwe ndipo alichaji; kila jioni lirudipo lifungwe kwenye plagi, na likiwa bado na nusu, usiku mmoja wa giza hautalizuia kushuka kesho yake. Akatikisa kichwa, akamwita mkwe wake aliyekuwa ndani, akamwambia amletee daftari la kilometa za Karatu.